Kwale wa Chemchemi ya Maite

Benchi la mbele ya duka la chakula cha mifugo, huku kwetu Nevada, halikosi watu asubuhi za Mei. Redio, mzee asiyefunga mdomo, alishika chupa ya kahawa. Kwato, mfuga ng'ombe, kanyoosha miguu. Katikati alikaa Maite, mjane anayefuga ng'ombe. Jana, kwenye chemchemi ya malisho yake, alimkuta kwale wa nyikani akiatamia chini ya kichaka pekee kilichobaki na nyasi. Marehemu mumewe alizoea kumpeleka kila masika kuwatazama kwale wakicheza ngoma yao ya kutafuta wenzi. Na kesho ng'ombe wake walitakiwa kuingia pale. Hayo yote alikuwa amekwisha kuwaeleza wenzake.

— Wabaya ni farasi mwitu, akaanza Kwato. Wanakomba nyasi zote. Kiota kikibaki wazi, kunguru anayaona mayai toka mbinguni!

— Na ng'ombe wako wanakula upepo? akauliza Redio.

— Wangu wana adabu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana wanatafuna polepole.

— Adabu! Si walikula kofia yangu?

— Ilikuwa chafu, walidhani majani.

— Sikilizeni, Redio akamimina kahawa. Farasi wana wivu. Kwale anacheza kuwashinda, wanamkanyagia mayai makusudi. Lisemwalo lipo!

— Limesemwa na nani? akauliza Kwato.

— Si nimelisema mimi sasa hivi?

Maite akacheka, kisha akatikisa kichwa.

— Jamani, ng'ombe wangu nao watamkanyaga. Na sina pengine pa kuwapeleka.

Tavia, mke mpya wa mwenye duka, alikuwa kasimama mlangoni.

— Samahani, wazee wangu. Leo nani kaenda kumtazama huyo ndege?

Redio akatikisa chupa, tupu. Kwato akakohoa.

— Maite, walete ng'ombe kwangu mpaka vifaranga watoke.

— Nyasi zako zinatosha?

— Hazitoshi. Walete hivyo hivyo.

Mchana huohuo wakazungushia chemchemi na kichaka uzio mpana, usiokaribia kiota, wakavuta maji kwa bomba hadi nje ya uzio ili farasi wanywe huko. Kwenye waya Maite alifunga vitambaa vyeupe, ndege wasijigonge. Kisha akawaongoza wenzake, wakinyata, mpaka akanyoosha kidole.

Kwale alikuwa palepale, rangi ya vumbi, jicho wazi, hajabanduka juu ya mayai yake.

Redio akavua kofia yake mpya.

— Shikamoo, mama, akanong'ona.