Historia ya Kemuma, Aliyetaka Gari Lipande Mlima

Ndugu waombolezaji, naomba tutulie, na akina mama walio pale juani wasogee kwenye hema, kwa maana maisha ya dada yetu hayakuwa marefu, lakini hayasomwi kwa haraka.

Kemuma Nyamweya alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Uriri, Migori, mtoto wa pili wa Mzee Nyamweya na Mama Nyakerario, waliotoka Kisii kutafuta riziki ya biashara, akasoma shule ya msingi huko huko Uriri, kisha akaja bweni hapa Asumbi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1976, akiwa amejifunza, kama alivyopenda kusema mwenyewe, Kiingereza, kushona na kubishana.

Mwaka uliofuata alianza kununua ndizi na vitunguu Oyugis na kuviuza Homa Bay, ambako wateja walimpenda kwa kipimo chake kilichofurika na kumwogopa kwa ulimi wake, na tarehe 16 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi wa magari, Mogire, katika kanisa la Waadventista, Mungu akawajalia Bravin mwaka wa 1981, Mourine mwaka wa 1984 na kitindamimba wao, Monari, mwaka wa 1990.

Wengi wenu mnaijua pikapu ya Mogire, Chevrolet ya mwaka wa 1956, ambayo injini yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba ikifika kile kilima cha kutokea barabara kuu, abiria wote walishuka, na Kemuma alitembea nyuma yake akiwa na jiwe la kuzuia gurudumu, huku akiwaambia wapita njia kwamba yeye aliolewa na fundi ili apande gari, si ili alichunge kama ng'ombe. Ni yeye aliyemsukuma mumewe atafute injini kubwa zaidi, na mwezi wa Julai mwaka huu wa 1996 Mogire akaipata kwenye lori lililopinduka karibu na Ogwedhi, injini ya silinda sita za mstari mmoja, ndefu kuliko ile ya kwanza, hata ikabidi rejeta isogezwe mbele na vikalio vya injini vichomelewe upya.

Ijumaa tarehe 19 jioni, injini hiyo ilikuwa bado inaning'inia kwa mnyororo juu ya pikapu, jua linazama, na Kemuma, ambaye hakukubali spana ilie nyumbani kwake Sabato ikiingia, alimwita mumewe akaoge waimbe na watoto, naye Mogire akatii. Kile ambacho dada yetu hakumwambia ni kwamba tumbo lilikuwa likimuuma tangu Alhamisi, kwa sababu alijua akisema, injini ingeachwa.

Kesho yake alianguka kanisani katikati ya mafundisho, jirani yao Onyango akatoka mbio kwa baiskeli kutafuta gari, akarudi mikono mitupu, na hapo mzee wa kanisa, Ratemo, alivua koti lake la Sabato, akawaongoza watu hadi nyumbani kwa Mogire, akashika mnyororo, akasema, "Mogire, shika spana, Mungu anaona," na waumini wakaishusha injini ile kwenye pikapu na kuifunga wakiwa na mashati meupe, hadi saa tisa alasiri iliponguruma.

Walipofika kwenye kilima, Kemuma, kwa mazoea, alinyoosha mkono afungue mlango ashuke, kisha akaona gari halipunguzi mwendo, akasema, "Kumbe inapanda, Baba Bravin," na Mogire anatuambia kwamba alicheka, ingawa kucheka kulimuuma.

Hospitalini Homa Bay ilionekana kidole tumbo kimepasuka, akapasuliwa jioni hiyo hiyo, lakini sumu ilikuwa imeenea, na Jumatano tarehe 24 Julai, alfajiri, alituacha akiwa na miaka thelathini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule daktari ambaye Mogire alimwuliza kama saa zile zilizopita injini ikifungwa zingemwokoa mkewe, naye akajibu kwamba hajui, ingawa angeweza kumdanganya ili kumfariji. Tunawashukuru majirani, waumini waliochafua mashati yao, na wachuuzi wenzake wa Homa Bay waliofunga vibanda leo wakaja.

Tangu tufike, Mogire amesimama kule nyuma ya watu, kama mgeni kwenye boma lake mwenyewe, na tunajua anangoja wakwe zake waseme neno, kama wanamlaumu au la. Mimi, Nyarangi, mdogo wake Kemuma, nimetumwa na baba yangu kulisema. Heshima ya ukwe humtenga mkwe na baba mkwe wake, lakini leo Mzee Nyamweya anamwita Mogire aje asimame ubavuni pake, na udongo wa kwanza utamwagwa na mkono wa Mogire kabla ya mkono wa mtu yeyote wa ukoo wetu.

Njoo, shemeji, watu wakupishe.

Dada, tunabaki na Baba Bravin, wewe pumzika kwa amani.