Ngozi ya Mama na Masomo ya Ng'ambo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wa mbele ndio mmeitika, wa nyuma mmejikunyata kwa baridi. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Mimi ni Lameki, mtoto wa hapa hapa Nyololo. Wengine mnaniita Bwana Miti na wala sikasiriki. Mchungaji ameniomba niseme neno kwa ajili ya vijana hawa waliokaa mbele, walioteuliwa na serikali kwenda kusoma ng'ambo. Tangu juzi nawaona wanapita barabarani hawasalimii watu, macho yako juu, midomo inatembea yenyewe. Nawajua. Nilikuwa hivyo hivyo. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, na mama yangu yuko pale karibu na mlango, tayari anacheka.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kuhangaika! Sisemi pombe, sisemi wizi, hayo wengine watashuhudia. Ugonjwa wangu mimi ulikuwa kutotulia. Nikitumwa maji, nikifika kisimani naanza kufikiri kwamba labda ya mtoni ni safi zaidi. Naenda mtoni, na nikiwa mtoni nakumbuka kisima. Nilikuwa na mashati mawili tu, lakini kuchagua la kuvaa Jumapili kulinichukua mpaka kengele ya pili inalia. Watu walisema ni utoto, utaisha. Jamani, haukuisha! Ulikwenda nami sekondari kule Mbeya, ukamaliza nami kidato cha sita, ukaingia nami Jeshi la Kujenga Taifa, na tukatoka wote.

Basi ikafika miaka ile ya mwanzo ya sabini, lami ya barabara yetu ikiwa bado inanuka upya. Tuliofaulu vizuri tuliitwa Mbeya, ofisi ya elimu, kwa kuwa ndiko tulikosomea. Tukakalishwa kwenye benchi. Ndugu Afisa, mtu mnene, mcheshi, akasimama akatusomea masomo yaliyopatikana ng'ambo mwaka ule. Sikujua kama duniani kuna mambo mengi hivyo ya kusoma! Nchi moja udaktari. Nyingine uhandisi wa reli, maana reli nayo ilikuwa inakuja. Nyingine madini, nyingine mifugo, nyingine misitu, nyingine ushirika. Kulikuwa hata na uvuvi wa bahari kuu! Mimi mtu wa Nyololo, maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni yale yanayoanguka kutoka juu.

Alipofika kwangu akasema, "Ndugu Lameki, matokeo yako yanakupa mambo mawili, udaktari au misitu. Nchi ni ile ile, ndege ni ile ile. Nenda nyumbani ukafikiri, urudi kabla mwezi haujaisha uniambie. Usiporudi nafasi nampa mwingine, na usije ukanililia hapa."

Mtu mwingine angeshangilia. Mimi nilitoka pale nahesabu kwa vidole, udaktari, misitu, udaktari, misitu. Angenipa somo moja ningekwenda tu!

Moyo wangu, nisiwafiche, ulikuwa msituni. Utotoni niliona vilima vya upande wa Sao Hill vikiwa nyasi tupu, halafu watu wakaja na miche midogo ya misindano. Likizo moja nilifanya kibarua kwenye kitalu, nikimwagilia miche ile, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa mahali pamoja kutwa nzima bila kutaka kuondoka. Lakini nilipofika nyumbani kutoka Mbeya, habari ilikuwa imenitangulia. Kijiji kizima ni daktari, daktari, daktari wetu! Bibi wa jirani akanisimamisha njiani, akapandisha gauni kunionyesha goti lake. Mzee mmoja akanitolea ulimi niutazame. Na nilipothubutu kutaja misitu, baba mdogo akashika kiuno. "Yaani upande ndege, uvuke bahari, ukasomee kuni?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikamwuliza mama. Baba alikuwa ameshafariki, mama ndiye alikuwa kila kitu kwangu. Akasema, "Anayekwenda ni wewe," akaendelea kupepeta maharage. Jibu hilo liliniudhi! Nilitaka mtu aseme somo moja, nilifuate, na likiharibika niwe na wa kumnyooshea kidole. Nikaona wa kumpa kazi hiyo ni Mungu.

Mnamkumbuka yule mtu wa Agano la Kale aliyetandika ngozi ya kondoo nje, akaomba ishara kwa umande. Nami nikasema, kama yeye alijibiwa, kwa nini mimi nisijibiwe? Nyumbani tulikuwa na ngozi moja ya kondoo, ya zamani, laini. Ndiyo mbeleko aliyotubebea mama utotoni. Nikaichukua bila kuomba ruhusa, jioni nikaitandika nyuma ya jiko, nikaomba: Bwana, asubuhi ikiwa imeloa, ni udaktari. Ikiwa kavu, ni misitu.

Cheka, mama, cheka! Nanyi mnacheka! Mwezi wa saba, hapa Nyololo, ukungu umelala juu ya mapaa mpaka saa nne, na mimi natandika ngozi nje kuuliza kama italoa! Kuku waliloa. Kuni zililoa. Ile ngozi ningeikamua ningejaza sufuria. Nikasema, basi, Mungu amesema, ni udaktari. Na badala ya amani, nikaanza kutafuta kosa kwenye sala yangu.

Nikakumbuka kwamba yule mtu aliomba mara mbili. Nami nikataka mara ya pili, ila si hapa. Nilikuwa na rafiki wa shuleni, Masanja, wa familia ya wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia bonde la Usangu. Nikakunja ngozi ikiwa bado imeloa, nikadandia lori la kwenda Mbeya. Dereva akaninusa, akaniambia nikae nyuma juu ya magunia. Nikashukia njiani, nikatembea kwenye vumbi na jua mpaka nyumbani kwa kina Masanja.

Nikaitandika kule. Asubuhi, kavu kabisa! Imekakamaa, ukiigonga inalia. Nikaruka juu, nikapiga kelele, misitu, haleluya, misitu! Baba yake Masanja, Mzee Shija, alikuwa amesimama na fimbo yake ananitazama. Nikamwamkia, nikamweleza ninachofanya.

"Kijana," akasema, "hapa mvua ya mwisho ilinyesha kabla ndama yule hajazaliwa." Akanionyesha ndama mwenyewe, na alikuwa mkubwa tu. Kisha akaniambia kama masomo yananitesa hivyo, nikae pale pale anifundishe ng'ombe, bure, na bahari sivuki.

Furaha yote ikanitoka. Maana ndani yangu nilijua kwamba nilikwenda Usangu kwa sababu nilitaka ikauke! Nikarudi Nyololo, nikatandika, ikaloa. Nikarudi Usangu, nikatandika, ikakauka. Ndugu zangu, nilirudi tena! Mwezi unakatika, mimi niko barabarani, juu ya magunia ya mahindi, juu ya viazi, nanuka kondoo. Mautingo wakanizoea, wakaniita Bwana Ngozi. Nikiwa juu Nyololo nataka kuwa chini Usangu, nikiwa chini nataka kuwa juu. Nilikonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba. Naomba huku natembea, namaliza sala moja na kuanza nyingine ya kuifuta ile ya kwanza. Na kule ofisini kiti changu kinamngoja mtu mwingine.

Ikabaki siku moja. Asubuhi nikashuka bondeni kumuaga mama. Alikuwa kwenye kinyungu, ile bustani yetu ya kiangazi, anapalilia njegere. Ngozi iko begani kwangu. Nikamwambia, "Mama, napitia Usangu mara hii ya mwisho tu, halafu Mbeya."

Mama akaweka jembe chini. "Nipe ngozi yangu."

Nikampa. Akaigeuza, akapapasa pale ilipokakamaa, akasikitika. Akasema, "Lameki, ngozi hii ililoa mgongoni mwangu kila siku, na wala haukuwa umande."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulipokuwa mchanga tulikuwa tunakaa upande wa Iringa," akasema. "Ukashikwa na homa. Nikakufunga mgongoni kwa ngozi hii, nikaondoka kwenda hospitali ya Tosamaganga. Njia zilikuwa mbili, ya mtoni na ya mlimani. Sikutandika kitu, mwanangu. Nilishika ya mlimani kwa sababu ndiyo miguu yangu iliyoizoea. Ukapona. Baadaye nikampata mdogo wako, Eva. Naye akashikwa. Nikambeba kwa ngozi hii hii, njia ile ile, nakimbia kuliko nilivyokimbia na wewe. Eva hakurudi."

Ndugu zangu, mama hakuwa amewahi kunieleza habari za Eva. Nilijua tu kwamba kulikuwa na mtoto, akafa.

Akaendelea, "Nilihangaika kama unavyohangaika wewe. Ningepita mtoni je? Nikilima, ningepita mtoni. Nikipika, ningepita mtoni. Mpaka nikachoka. Ndipo nikaona kwamba nilipokuwa na wewe mgongoni nilikuwa naomba, na nilipokuwa na Eva mgongoni nilikuwa naomba, na Mungu alikuwa nami safari zote mbili. Hakuwa amejificha kwenye ile njia nyingine ananingoja."

Nikaanguka magoti kwenye njegere. Nikalia kama mtoto! Nikamwuliza, "Kwa hiyo mama unataka nisomee udaktari? Kwa ajili ya Eva?"

"Nilitaka," akasema. "Nilitaka sana. Sasa nataka utulie. Nenda kasome miti yako."

Haleluya! Sitawadanganya kwamba niliona mwanga au nilisikia sauti. Lakini kitu kilichonikaba kifuani tangu utoto kiliachia pale pale, matopeni, mbele ya mama yangu! Nilikuwa nimemkimbiza Mungu kutoka Nyololo mpaka Usangu, na Usangu mpaka Nyololo, kumbe alikuwa juu ya yale magunia pamoja nami, ananusa kondoo kama mimi! Mama akaniwekea mkono kichwani, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. "Bwana, huyu hapa." Akachukua jembe lake.

Nikapata lori. Utingo akashangaa. "Bwana Ngozi, ngozi iko wapi?" Nikamwambia imerudi kwa mwenyewe. Tulipofika pale ninaposhukia kwenda Usangu, mguu ukataka kushuka. Nikaukalia! Lori likapita, nikapumua.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Ndugu Afisa akaninusa, akafungua dirisha. "Haya, Ndugu Lameki, nikuandikie nini?"

"Misitu."

"Una hakika?"

Niko kanisani, siwezi kusema uongo. Nilimjibu, "Sina, lakini andika." Akacheka mpaka meza ikatikisika, akaandika.

Nikaenda, ndugu zangu. Nikakuta nchi yenye theluji mpaka magotini na lugha ya kuvunja taya. Siku nyingine nikiwaona wenzangu wa udaktari wamevaa makoti yao meupe, kile kihangaiko cha zamani kilikuja kunigongea mlango. Kinasema, ungeshika njia ile nyingine je? Nakijibu, Bwana yuko huku, we nenda zako. Kikaondoka. Kilirudi mara nyingi, na mara zote kilinikuta na jibu lile lile. Nikamaliza, nikarudi, na leo mkipanda vilima vile mnapita kwenye kivuli. Yule bibi wa goti bado ananionyesha goti lake kila Jumapili. Namwombea, namtafutia gari la kwenda hospitali, na nampelekea kuni. Baba mdogo naye siku hizi anaulizia mbao.

Sasa ninyi vijana wetu. Najua mmesomewa masomo mengi na vichwa vinawazunguka. Najua yuko anayetaka kilimo na kwao wanataka uhandisi. Ulizeni wakubwa, ombeni, fikirini, halafu shikeni njia moja mwende! Msitandike kitu nje. Mungu wa udaktari ndiye Mungu wa misitu, na kama kuna aliyepangiwa ule uvuvi wa bahari kuu, baharini nako yupo.

Namshukuru Bwana aliyenituliza. Nakushukuru na wewe mama, simama kidogo watu wakuone, geuka. Mnaona huyo aliyelala mgongoni? Ni binti yangu, anaitwa Eva. Vitenge vimejaa sandukuni, bibi yake hataki hata kuvisikia, anambeba kwa ngozi ile ile. Mwenye moyo unaohangaika kama wangu na aje hapa mbele tumkabidhi Bwana, leo, asingoje kesho. Na anayeona lazima apate ishara kwanza, apite pale mlangoni aiguse ile ngozi. Imeloa! Na wala si umande.