Kifaranga: Miezi Tisa na Siku Ishirini na Tatu

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022, saa moja kasorobo asubuhi, akiwa mtoto wa pekee wa mshona sare za shule na dereva wa lori. Mimba ilikuwa ya wiki ishirini na sita. Alikuwa na gramu 810, na ngozi yake ilikuwa nyororo mno hata muuguzi akamkataza mama kumpapasa. "Mwekee kiganja tu, utulie," alimwambia. Muuguzi huyo ndiye aliyempa jina la Kifaranga, nalo likamganda.

Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Kwa siku arobaini na moja mashine ilimpumulia kwa mpira uliopita kooni, na mashine hiyo hiyo iliyomwokoa ikayajeruhi mapafu. Tarehe 12 Oktoba daktari aliwaita wazazi, akawaambia ni ugonjwa sugu wa mapafu. Dawa ya kuuponya hakuna. Kuna kumsaidia tu mpaka akue na mapafu yakue naye. Wakamsaidia. Alipewa oksijeni ya puani, dawa ya kupunguza maji mapafuni, na maziwa ya mama yaliyoongezewa lishe, tone kwa tone. Kila siku, kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, alilala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na mama hakuthubutu hata kukohoa.

Tarehe 20 Desemba alikwenda nyumbani na mashine yake ya oksijeni. Baba alimleta fundi umeme, wakafunga betri mbili nyuma ya kabati ili umeme ukikatika mashine isizime. Daktari alikuwa amewaonya: mafua ambayo mtu mzima anayamaliza kwa kupenga kamasi siku tatu, huyu yatamuua. Basi mama akafunga mlango. Bibi mzaa baba, mwenye kikohozi kisichoisha, alikuja mara tatu akamwona mjukuu kupitia kioo cha dirisha. "Mkwe wangu ananifanya kama mwizi," alilalamika, lakini alitii.

Marehemu alikuwa mtundu. Alipogundua kwamba kipimo cha oksijeni alichofungwa mguuni kikilia mama anakuja mbio, akawa anakipiga teke makusudi, kisha anacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, alitolewa oksijeni. Mama alimbandua plasta mashavuni, akaona uso mzima wa mwanawe kwa mara ya kwanza.

Jumapili iliyofuata, kaka wa mama, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kumpongeza. Mama alimsikia akivuta kamasi mlangoni.

"Kaka, una mafua?"

"Vumbi tu la karakana, dada. Sasa na mimi utaniweka dirishani?"

Mama aliona haya. Akampa mtoto. Mjomba alimbusu mara mbili.

Jumatano marehemu alirudi wodini, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Alirudishwa kwenye oksijeni, kisha kwenye mashine. Safari hii mapafu hayakuitika. Alifariki Ijumaa, tarehe 26 Mei, saa nne asubuhi. Bibi mzaa baba alimbeba siku hiyo kwa mara ya kwanza, mtoto akiwa amekwisha kufungwa shuka.

Wasifu huu umeandikwa na mama yake. Jana alimpelekea kaka yake karatasi hii, aisome mazikoni. Kaka aliisoma, akakaa chini.

"Dada, andika unachotaka, lakini mpe mtu mwingine asome."

"Utasoma wewe. Na usiruke mstari."

"Nilidhani ni vumbi."

"Na mimi nilijua si vumbi, nikakupa. Hilo nalo nimeandika, lisome."

Imeandikwa hivi: mama alijua, na alimtoa mtoto kwa kuona haya mbele ya kaka yake. Hajasamehe mtu, na haombi kusamehewa.

Marehemu ameacha mama; baba, ambaye tangu Ijumaa hajasema na mama; bibi mzaa baba; na mjomba mmoja, anayesoma hapa.

Alazwe pema mtoto wetu, asihangaike tena kutafuta pumzi.