Jicho la Suzana

Treni iliyotoka Katumba ilipokaribia Tabora, abiria mmoja, Mama Annonciata, alifumba macho ili asikie vizuri. Mbele yake Ngusa, mfugaji wa Sitalike, alikuwa anampeleka hospitali binti yake Suzana, jicho limefungwa kitambaa.

“Alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya kemia ya sekondari,” Ngusa alimwambia aliyeketi kando yake, mwalimu wa kemia wa shule nyingine. “Magadi makali ya kutengenezea sabuni yakamrukia jichoni. Nikakimbilia zizini. Nyoka swila akitutemea sumu machoni, sisi tunaosha kwa maziwa. Ila ng’ombe alisumbua kukamuliwa.”

“Na maji hayakuwepo, mzee?” mwalimu aliuliza.

“Mtungi ulikuwa mlangoni. Niliuruka nikikimbilia zizini.”

Mama Annonciata, ambaye hata msibani hakosi neno, alifumbua macho.

“Magadi yanataka maji, tena papo hapo,” mwalimu alisema. “Kila mtu anajua.”

“Anajua nani? Nyie mnawafundisha watoto kuchezea sumu, sisi wazazi hamtuambii kitu.”

“Sasa kosa ni langu?”

“Mwalimu,” Suzana aliuliza taratibu, “kwenye mashindano wanapokea mwenye jicho moja?”

Treni ikasimama Tabora. Mwalimu akainama kutafuta chini ya kiti mkoba ambao bado alikuwa ameupakata.