Ensio Hyttinen na Msimu Mmoja wa Ahmat Katika Ligi Kuu

Ndugu, majirani, na nyote wa Kaislajärvi mliokuja kumsindikiza baba yetu: mimi ni Marjukka, mtoto wake wa kwanza. Kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni mna wasifu mfupi. Huu ninaousoma ni mrefu zaidi, na marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka uwe hivyo. Kahawa itatusubiri kidogo.

Ensio Johannes Hyttinen alizaliwa tarehe 9 Februari 1935 katika kijiji kimoja cha Räisälä, Karelia, mtoto wa tatu wa Eemil na Saimi Hyttinen. Kabla hajafikisha miaka kumi, vita vilikuwa vimemhamisha mara mbili. Mara ya pili, mwaka 1944, treni iliwashusha hapa kwetu wakiwa na ng'ombe mmoja, cherehani, na sanduku la vyombo vya kazi vya babu. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na tupa ya kunolea.

Alisoma shule ya msingi ya Kaislajärvi hadi mwaka 1949. Hakuwa mwanafunzi hodari, na hakuwahi kudai kuwa alikuwa. Wakati wa baridi watoto wa ng'ambo ya ziwa walikuja shuleni wakiteleza juu ya barafu, na Ensio akawanolea nyembe za viatu vyao vya barafu kwa ile tupa, malipo yakiwa kipande cha mkate wenye siagi. Mwalimu wake alimwandikia kwenye cheti: "Hesabu za Hyttinen ni butu, ila viatu vya darasa zima vinakata." Cheti hicho alikitundika ukutani maisha yake yote.

Mwaka 1950 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao, akinoa misumeno. Mwaka 1961, tarehe 24 Juni, alifunga ndoa na Lempi Pakarinen, mpishi wa kantini ya kiwanda hicho. Namna alivyomchumbia mama inajulikana na wengi hapa. Kila Jumatatu alichukua visu vyote vya jikoni akavinoa bila kuombwa, mpaka wapishi watatu wakawa na vidole vilivyofungwa bandeji. Siku moja mama alitoka mlangoni, mkono kiunoni.

"Wewe Hyttinen, una nini na visu vyangu?"

"Sina kitu na visu."

"Basi sema unachotaka, kabla hatujaisha vidole humu ndani!"

Akasema. Mara ile moja, baba alisema jambo kwa wakati wake. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1963 na mdogo wangu Jouni mwaka 1967.

Mwaka 1962 Ahmat, klabu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, ilimwomba awanolee wachezaji viatu jioni, baada ya kazi ya kiwandani. Alikwenda kwa wiki mbili, akakaa miaka thelathini na saba. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa, hakina dirisha, kinanuka sufu mbichi na kahawa iliyochemka mno. Wembe wa kiatu cha barafu una makali mawili, ya ndani na ya nje, na kati yake mfereji mwembamba. Baba alijua kwa kichwa mfereji wa kila mchezaji: huyu mzito anataka wa kina kifupi, yule mwepesi anataka wa kina kirefu. Akimaliza, alilaza sarafu ya marka moja juu ya makali yote mawili, akaitazama kwenye taa. Sarafu ikikaa sawa, kiatu kimepona. Ikiegemea upande hata kwa unene wa karatasi, mchezaji akigeuka kwa kasi kiatu kitamkimbia.

Masika ya mwaka 1993 Ahmat walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Baba aliungoja msimu huo miaka thelathini na moja. Mwezi Septemba, wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, daktari alimwambia ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na lazima apasuliwe na apumzike. Baba akajibu, "Baada ya msimu." Aliogopa kwamba akiondoka hata mwezi mmoja, klabu ingeleta mtu kutoka mjini mwenye mashine mpya, na yeye angeitazama Ligi Kuu akiwa amekaa na wastaafu. Hakumwambia mama. Hakumwambia kocha Keskisalo. Hakuniambia mimi, ambaye ni muuguzi, na niliyekuwa nikila kwake kila Jumapili. Nilimwona akimimina kahawa nje ya kikombe nikadhani ni uzee.

Mwajua msimu ulivyoanza. Tulifungwa mechi tisa mfululizo. Katika soko, kwenye ile meza ya kahawa ya wanaume, marehemu hakupumua.

"Ensio, hao vijana umewanolea viatu au umewapaka siagi?"

"Nimewanolea."

"Labda ungewanolea na akili!"

"Akili nilianza na yako, jiwe likakatika."

Nahodha wetu alikuwa Sakari Tolvanen, beki, wakati huo ana miaka ishirini na tisa, mtoto wa mtaa wa stesheni. Ndiye aliyewashikilia wenzake wasitawanyike. Wiki ya Krismasi tuliifunga timu kubwa ya Helsinki nne kwa moja, Sakari akatia mawili, na kipenga kilipolia aliingia kwenye chumba cha baba, akambeba begani, akamzungusha uwanja mzima akiwa na ndala zake miguuni.

"Nishushe, mpumbavu wewe, nitavunjika!"

"Tulia Mzee, hata gunia la viazi linakuzidi uzito!"

Niliwaona. Sijawahi kumwona baba akicheka vile, hata siku ya harusi yangu, na nilimwonea wivu Sakari.

Majira yote yale ya baridi baba alinoa kwa sikio na kwa ukucha. Alisikiliza jiwe, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali. Sarafu aliilaza kwa mazoea tu, kwa kuwa alichokiona pale kilikuwa ukungu. Alikuwa fundi wa kutosha kuweza hivyo karibu mara zote.

Tulimaliza ligi wa pili kutoka mkiani, tukaingia kwenye mchujo na timu ya Ruukinkoski, mechi tano, atakayeshinda tatu ndiye mwenye nafasi Ligi Kuu. Tukawa mbili kwa mbili. Mechi ya tano ilichezwa hapa nyumbani, Jumapili tarehe 27 Machi 1994, saa tisa alasiri. Sasa nitasoma polepole, maana hapa ndipo baba alipotaka nisome polepole.

Sakari alikuwa na desturi yake, viatu vyake vinolewe kila mapumziko ya mwisho, kabla ya kipindi cha tatu. Aliingia chini ya jukwaa matokeo yakiwa tatu kwa tatu. Baba alikuwa na dakika chache. Alinoa cha kulia, akanoa cha kushoto. Pale jukwaani watu walikuwa wakigonga miguu mpaka dari ya chumba inatikisika, na kwa mara ya kwanza hakulisikia jiwe. Ukucha ulikuwa umelowa maji ya barafu, ukateleza tu. Alilaza sarafu akatazama, hakuona kitu.

"Mzee, viko sawa?"

"Viko sawa. Nenda."

Dakika ya nane ya kipindi cha tatu, Sakari alikuja benchi, ambapo baba alisimama wakati wa mchezo, akainama sikioni kwake. "Mzee, cha kushoto kinaniponyoka. Hebu kitazame."

Kukitazama kulihitaji dakika mbili, na macho. Kocha alikuwa amesimama hapo hapo karibu. Baba angeweza kusema, "Kocha, njoo uniangalizie sarafu hii, mimi sioni." Maneno hayo machache yangetosha. Badala yake akasema, "Ni barafu imelainika. Rudi ukacheze."

Sakari alirudi. Alimwamini, kama sisi sote tulivyomwamini. Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde kumi na moja, mshambuliaji wa Ruukinkoski alimjia peke yake na kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira. Sakari aligeuka kushoto kumfungia njia, mguu ukamkimbia, akaanguka chali mbele ya watu elfu tatu. Kipa hakuwa na la kufanya. Tulishuka daraja, na Ahmat hawajarudi Ligi Kuu hadi leo.

Yaliyofuata sihitaji kuwasimulia, kwa kuwa tuliyafanya sisi. Tulisema amenunuliwa. Tulisema alikesha akinywa. Mtu alimtupia glavu yake usoni akitoka uwanjani. Sokoni tulimwambia, "Tolvanen, shika ukuta, utaanguka!" Mpaka leo katika mji huu kikombe kikidondoka, tunasema "kimefanya Tolvanen", na watoto ambao hawajamjua wanasema pia. Mimi nimesema, jikoni kwa baba, naye akaondoka mezani, nikadhani tumbo linamsumbua. Sakari hakucheza tena. Aliendesha malori ya magogo miaka ishirini na nane. Binti yake alimaliza shule mji mwingine.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja mnoaji. Katika mchezo huu, mchezaji anayelaumu viatu hana heshima, na anayemlaumu mzee wa viatu hana hata adabu. Sakari alikuwa na vyote viwili.

Asubuhi ya pili baada ya mechi ile, baba alikitoa kiatu cha kushoto kwenye mfuko wa nahodha, akapitisha ukucha mkavu. Makali yalipishana. Mwezi Mei alipasuliwa macho, na alipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokwenda kutazama kilikuwa wembe ule na sarafu juu yake. Ilikuwa imeegemea. Alinyamaza. Kila mkesha wa Krismasi alimpelekea Sakari samaki aliyemkausha kwa moshi mwenyewe, na alimnolea shoka na visu bila malipo. Watu walimsifu kwa huruma yake. Baba, nilikupenda, lakini nasema mbele ya jeneza lako: ulikuwa na mdomo, na ukampa samaki.

Mama alifariki mwaka 2011, bila kuambiwa. Baba aliishi peke yake, akapika supu yake, akaoka zile keki zetu ndogo za unga wa nafaka ya rai zenye wali ndani kwa ajili ya wajukuu. Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Tarehe 30 Januari mwaka huu alilazwa, na tarehe 2 Februari aliniambia nifunge mlango. Alinieleza yote niliyowasomea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliamua kujiumbua mwenyewe kabla kifo hakijamtangulia. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia nitampigia Sakari simu saa hiyo hiyo aje amwombe radhi kitandani.

"Hapana," akasema.

"Baba, utakufa na hili?"

"Nikimwambia hapa, tutajua mimi na yeye. Mji utabaki na lake. Yeye alisemwa mbele za watu, Marjukka. Basi asafishwe mbele za watu."

"Na kwa nini mimi?"

"Jouni atalia. Wewe una sauti kubwa, tangu utotoni."

Alijaribu kuandika mwenyewe, mkono ukakataa. Basi niliandika mimi, naye akasahihisha. Sehemu moja nilikuwa nimeweka "kwa bahati mbaya". Aliniamuru nifute. Alisema kunoa vibaya kulikuwa bahati mbaya, lakini "ni barafu imelainika" haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uongo, na ninyi mwambiwe hivyo.

Alifariki Jumatano tarehe 14 Februari 2024, saa nne asubuhi, siku tano baada ya kutimiza miaka themanini na tisa. Mimi na Jouni tulikuwepo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Marjukka na Jouni, wakwe wawili, wajukuu wanne, na dada yake Hilja aliyeko Kuopio, ambaye ana miaka tisini na mbili na hakuweza kusafiri.

Nilipompigia Sakari simu kumwalika, hakujua lolote kati ya haya. Alisema, "Nitakuja. Mzee ndiye pekee aliyekuwa ananisalimia." Ameketi pale nyuma, karibu na mlango, mahali anapoketi kila mara katika mkusanyiko wa mji huu ili atoke kabla ya watu. Sakari, nakuomba leo usitoke. Mguu wako haukukosea. Uliuliza mara mbili, na mara mbili ulidanganywa na mtu uliyemwamini. Baba yangu anakuomba radhi, na mimi nakuomba kwa ajili ya kikombe changu.

Neno la mwisho la baba halikuwa la kusomwa. Aliagiza kwamba nikifika hapa ninyamaze, na tusimwage udongo, wala tusinywe kahawa, mpaka watu wa Kaislajärvi watakapoinuka mmoja mmoja kwenda kumpa Sakari mkono.

Ensio Hyttinen apumzike. Na wewe, Sakari, umeruhusiwa kupumzika ungali hai.

Naiweka karatasi chini. Nakuja, wa kwanza ni mimi.