Fundi Milia na Mifarishi ya Wavulana

Nani aliyenunua ile saa ya ukutani? Asijifiche nyuma ya cherehani, namwuliza yeye. Mtu anastaafu kazi anakwenda kukaa peke yake, nanyi mnampa kitu cha kumhesabia upweke wake! Mngempa na kufuli basi, mkamalizia. Irudishwe dukani. Nimeambiwa niandike wasifu, na nitauandika, ila hilo nimelitanguliza lisije likanikaa kooni.

Fundi Milia anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mifarishi. Kwa wageni watakaosoma: mfarishi ni lile funiko nene la kitandani, juu vipande vya rangi vilivyoungwa, chini bitana, katikati pamba. Sisi wengine tunakata, tunajaza, tunashona. Yeye alikuwa mchagua michoro, tena ya wavulana na vijana wa kiume tu. Alisema msichana anajua anachotaka na ana mdomo wa kukisema. Mvulana ukimwuliza, anatazama viatu vyake.

Jina la Milia alipewa na watoto wa wateja kwa kupenda kwake mistari: ya kijivu, ya buluu iliyoiva, ya rangi ya udongo. Alilikubali bila kununa. Mimi wangeniita hivyo ningewafukuza na mkasi.

Hakuanza akiwa hodari, simvishi mtu kilemba cha ukoka. Alikuwa mkataji tu, amefiwa na mke, ana mtoto mmoja wa kiume. Mtoto alipokwenda shule ya bweni, baba akamshonea mfarishi wa manjano wenye tembo tele. Hakumwuliza. Wenzake bwenini wakamcheka, wakamwita Mtoto wa Tembo. Likizo ya kwanza akarudi mikono mitupu, akasema mfarishi umepotea. Hakugombana na baba yake. Afadhali angegombana. Tangu hapo kila alichopewa na baba yake alikiacha nyumbani. Fundi alinisimulia hayo mara moja tu, akitunga uzi kwenye sindano, wala hakurudia.

Ndipo ukazaliwa mtindo wake ambao leo unatuletea wateja kutoka mbali. Juu ya mfarishi huweka uso wa kutazamwa na wenzake kijana: mistari, rangi tulivu, hakuna wa kumcheka. Kwenye bitana, pale panapogusa shavu, huweka kitu kimoja ambacho mwenye kulala ndiye anayekijua.

Mnakumbuka yule mama aliyekuja na kijana mrefu kama mlango? "Mwanangu anapenda magari," akasema, "mwekeeni magari kila mahali." Kijana akang'aka: "Mama, tafadhali, nina ndevu!" Karakana nzima tukaangua kicheko. Fundi akamwomba mama akanywe maji nje, akamkalisha kijana kwenye kiti cha wateja, wakanong'ona. Juu ikatoka mistari ya kijivu. Chini, kigari kimoja chekundu, kidogo kama kiberiti. Kijana alipokiona aligeuka kwanza kuangalia kama tunamtazama, kisha akakipapasa kwa kidole. Juzijuzi amekuja na mwanawe mwenyewe. "Na la ndani, Fundi," akasema, "usilisahau."

Mkubwa wa karakana alipotaka wavulana wote washonewe kitambaa chenye picha za mipira kwa sababu ni rahisi, Fundi alimjibu, "Bosi, si kila mvulana ni mpira." Mpaka leo kitambaa kile tunafutia meza.

Hayo ndiyo mnayoyajua. Sasa niseme msiyoyajua, kwa kuwa mchana mnakula mkipiga domo, naye anakula akiliangalia dirisha. Jioni mnakimbilia kwenu, yeye anapanga vipande vilivyokwisha kupangwa, mpaka mlinzi atikise funguo.

Alipougua nilimpelekea supu. Nyumba safi, kikombe kimoja kimefudikizwa, kiti kimoja. Amejifunika blanketi jepesi unaona mwanga upande wa pili. Chumba cha pili kuna kitanda kimetandikwa mfarishi wa mistari, mpya, haujawahi kulaliwa. Nikamgombeza: unatetemeka na mfarishi upo! Akasema, "Una mwenyewe, Bibi." Mwenyewe ni yule mwanawe, yuko mbali, ana watoto wake, hupiga simu mwaka ukiisha, wakazungumza habari za mvua. Nilirudi kwangu, nikafungua mlango, nao ukalia, hakuna mwingine wa kunipokea. Nikakaa nalo bakuli tupu mapajani.

Jumatano aliweka kastabini yake, kile kikofia cha kidoleni, juu ya meza. Akasema hatakuwa akipitapita hapa, maana mzee akizurura kazini ni kero. Nanyi mkaitikia "haya, Fundi", mkaendelea kukanyaga cherehani! Hamkusikia alichokuwa akiomba?

Fundi, asante. Vijana wengi wamelala bila aibu kwa ajili yako. Tungekutakia maisha mema, lakini kutakiana ni kazi ya mdomo, na mdomo haumfuniki mtu. Na kinyozi hajinyoi. Miaka yote hii hakuna aliyekuuliza wewe unataka mchoro gani.

Basi sikilizeni. Mwenye saa, kesho aibebe. Kila mmoja alete kipande cha kitambaa kutoka kwake, kizima, si kitambaa cha jikoni. Na wewe Fundi, Jumatatu asubuhi uje, uingie mlango wa wateja, uketi kwenye kile kiti. Juu tutakuwekea mistari, hiyo tunaijua. La ndani utaninong'oneza mimi. Na nikikuuliza, usitazame viatu.