Giaboksi Ambayo Mzee Melkizedek Hakuifungua

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chini ya magari ya watu, Mzee Melkizedek anastaafu hapa gereji kwetu Mikumi. Wateja wamepumua. Hatimaye watapata fundi wa kuwadanganya kwa upole.

Kazi yake ilikuwa gia za otomatiki. Gari likiletwa linasitasita kubadili gia, Mzee hakupoteza muda kusikiliza maelezo. Alifungua sampo, lile bakuli la chini linalokusanya mafuta ya gia, kisha akamwita mwenye gari achovye kidole. Shati jeupe halikuwa kisingizio. Unga mweusi kwenye sumaku iliyomo ndani ya sampo kunasa chuma, alieleza, ni gia kuzeeka kama sisi sote. Vipande vinavyong'aa ni gia inayojitafuna. Bwana mmoja kutoka Kilosa alichovya, akajifutia kwenye tai na kuondoka bila kuaga. Mzee aliita hiyo huduma bora kwa mteja.

Adui yake mkubwa alikuwa dereva anayeachia nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta huku akiiua gia. Aliwahubiria madereva hao mpaka wakatamani kutembea kwa miguu. Kwa uadilifu huohuo, yeye mwenyewe akienda kwao Zombo aliachia nyutro kutoka juu ya kilima mpaka chini, mkewe, Mama Elizabeti, akiwa ameng'ang'ania mlango.

Mwaka jana gari lake, Noah, likaanza kutetemeka. Bingwa wetu aligundua tatizo papo hapo: barabara. Barabara ilipochongwa, tatizo likahamia kwenye matairi. Tulipojitolea kufungua sampo, akakumbuka ana haraka. Na gari hilo ndilo tegemeo lake la uzeeni, maana anataka kupeleka abiria stesheni ya treni Kilosa. Likimfia njiani, hana jingine. Sisi tulijua, naye alijua, ila aliogopa kuona. Ilituuma sana kumtazama.

Wiki iliyopita Mama Elizabeti alituletea gari kwa siri. Mzee aliambiwa limeazimwa msibani, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu anayethubutu kudai gari lililokwenda msibani. Tulimwamkia mama, akaitikia marahaba, akatukabidhi ufunguo.

"Mume wangu ni daktari asiyetaka kupimwa," alisema. "Mpimeni."

Lusekelo, fundi aliyefundishwa na Mzee mwenyewe, ndiye aliyefungua. Sumaku ilikuwa imejaa vipande vikubwa kama magamba ya perege, na vingine vya shaba vilikuwa vimetuama chini ya sampo. Gia ilikuwa imekwisha.

Sasa, Mzee wetu, kamati ya kuaga inasikitika kukujulisha kwamba lile kochi uliloagiza kama zawadi halipo, na usilitafute. Mchango wote umeliwa na giaboksi nyingine, na Lusekelo ameshaifunga. Noah yako imerudi kutoka msibani na iko nje ya ukumbi huu.

Tunakupenda, ingawa hukurahisisha jambo hilo. Asante kwa kutufundisha kumwambia mtu ukweli wa gari lake hata akinuna. Leo ni zamu yako kununa. Uwe na uzee wa raha na abiria wasiokwisha, wewe na Mama Elizabeti, na mkifika Kilosa mtupigie simu.

Hildegarda, stoo ya vipuri